Nani Anatundika Kaki Upenuni?

Bibi Shizue alikuwa na miaka sabini na miwili, na siku yake ilikwenda kwa saa. Saa kumi na mbili asubuhi, kipaza sauti cha kijiji cha Kuzusawa, katika milima ya Japani, kilipiga wimbo wake mfupi juu ya nguzo. Wakati huo yeye alikuwa ameshasimama sebuleni, mbele ya madhabahu ndogo ya ukoo. Aliweka kibakuli cha wali wa kwanza, ukiwa bado unafuka mvuke. Aliwasha udi. Aligonga kengele ndogo mara moja. Kisha alizungumza na picha ya mumewe.

"Kiyoharu, leo baridi. Huko uliko, vaa soksi."

Kiyoharu alifariki mwezi wa pili. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja, na Shizue alikuwa bado hajazoea. Tangu mazishi, usingizi ulimpaa. Alikuwa akijilaza saa tatu usiku na kukodolea dari macho mpaka kunakucha. Daktari Makabe wa pale kijijini alimpa kidonge cha usingizi, kimoja kila usiku, naye alikimeza kwa utiifu.

Jioni alikuwa na kazi nyingine ndogo. Alimmiminia mumewe kikombe cha pombe ya mchele na kukiweka madhabahuni. Baada ya muda alikiteremsha na kukinywa mwenyewe, kama alivyoula ule wali wa asubuhi. Kilichotolewa kwa marehemu hakitupwi. Hivyo ndivyo mama mkwe wake alivyomfundisha, na mama mkwe yule hakuwa mtu wa kubishiwa.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mti wa kaki, matunda ya mviringo yanayofanana na nyanya. Kaki zake zikiiva huwa na rangi ya kupendeza, lakini usidanganyike. Ukiuma moja mbichi, ukakasi wake utakukausha mdomo mpaka ujute. Ili ziwe tamu, lazima zimenywe, zichovywe kwenye maji yanayochemka, kisha zitundikwe upenuni kwa kamba. Upepo wa milimani humaliza kazi iliyobaki.

Kwa miaka arobaini na minane kazi hiyo iligawanywa vilevile. Kiyoharu alichuma, akamenya, akafunga. Shizue alichemsha maji.

"Mikono yako ni ya sufuria," Kiyoharu alikuwa akimtania.

"Na yako ni ya kujisifu," Shizue alimjibu kila mwaka.

Kweli, Kiyoharu alikuwa na haki ya kujisifu. Alimenya kaki nzima kwa ganda moja refu lisilokatika. Na fundo lake lilikuwa la peke yake. Aliisokota kamba mpaka ikafunguka tundu, akapitisha kikonyo, akazungusha mara moja kwenda kushoto, akavuta. Shizue hakuwahi kufunga hata moja. Mwaka huu alisema ndege wale kaki zote, yeye hana shida nazo.

Asubuhi ya tarehe nane alifungua mbao za dirisha, akaona kaki nne zimening'inia upenuni.

Zilikuwa zimemenywa vizuri, laini, bado zina unyevu. Kamba ilikuwa imezungushwa kwenda kushoto.

Alikwenda jikoni polepole. Kisu kilikuwa kimeoshwa na kulazwa juu ya kitambaa, makali yakitazama ukutani, kama Kiyoharu alivyokilaza siku zote. Ndani ya beseni yalikuwamo maganda manne. Aliliinua moja. Lilikuwa refu na halikukatika.

Mlango ulikuwa umefungwa. Hakuna mtu mwingine aliyelala nyumba ile.

Shizue alikaa chini mbele ya madhabahu, akasahau hata kuwasha udi.

"Ni wewe?" aliuliza.

Picha ilitabasamu kama kawaida.

Asubuhi iliyofuata kaki zilikuwa saba. Kisha kumi na moja. Binti yake Nahoko alipopiga simu kutoka Nagoya, Shizue hakumwambia neno. Alijua Nahoko angesema nini. Angesema mama ameanza kupotewa na akili, na kabla ya mwaka kwisha angemtafutia chumba katika nyumba ya wazee. Shizue hakutaka kuhama. Na tukubaliane, angehamaje sasa, wakati mumewe ndiyo kwanza amerudi?

Kisha sakitu ya kwanza ilianguka. Asubuhi hiyo bustani ilikuwa nyeupe, na juu ya weupe ule palikuwa na nyayo.

Zilitoka kwenye mti wa kaki. Ngazi ilikuwa imeegemezwa pale. Zilipita kando ya kisima, zikafika mlango wa nyuma, zikaishia kizingitini. Zilikuwa nyayo za buti za mpira, kisigino cha kulia kimelika upande. Shizue alizijua buti hizo. Tangu msiba alikuwa hajathubutu kuzitupa.

Buti zilikuwa mlangoni, zimepangwa sawa, pua zikitazama nje. Shizue aliinama, akaingiza mkono ndani ya moja.

Ndani mlikuwa na joto.

Alitoa mkono wake haraka. Kisha, taratibu, aliurudisha, akauacha humo mpaka joto likaisha. Alilia, lakini yalikuwa machozi ya furaha.

Tangu siku hiyo alilala mapema zaidi, ili asimcheleweshe mtu kazi yake. Asubuhi kichwa kilikuwa kizito mpaka karibu adhuhuri. Alikuta mchubuko kwenye muundi na mkato mdogo kwenye kidole gumba. Alisema ni uzee, akabandika plasta.

Masuyo, jirani yake wa ng'ambo ya shamba la figili, alikuwa na desturi ya kupita kila asubuhi na kibakuli cha achari na umbea wa kijiji. Mara hakuonekana siku mbili. Siku ya tatu alikuja mikono mitupu. Alimkuta Shizue akisugua sufuria iliyoungua, nyeusi ndani na nje.

"Sufuria imepatwa na nini?" Masuyo aliuliza.

"Kiyoharu kaiunguza," Shizue alisema, kisha akaziba mdomo.

Masuyo hakucheka, ingawa alikuwa mtu wa kucheka hata matangani. Alikaa kwenye ubao wa mlangoni, akatazama kaki upenuni. Zilikuwa zimefika thelathini na moja.

"Shizue, nina jambo limenikaa kooni siku mbili. Nilimwona."

"Nani?"

"Juzi, alfajiri. Nimekwenda kung'oa figili. Natazama huku kwako, namwona Kiyoharu juu ya ngazi. Ana kofia yake, ana buti zake. Anachuma kaki."

Shizue aliidondosha sufuria. Alimshika jirani yake mikono yote miwili. "Na wewe umemwona. Nilijua sina wazimu. Nilijua."

"Sijamaliza, shoga yangu." Masuyo alitoa mikono yake. "Miguu yangu ilikataa kukimbia, basi nikamsalimu. Nikasema, habari za asubuhi, Kiyoharu. Akageuka. Alikuwa wewe."

Upepo ulizitikisa kaki juu yao.

"Macho yako yalikuwa wazi," Masuyo aliendelea. "Ulinitazama na hukuniona. Nilikuita jina, hukuitika. Ulikuwa juu kabisa, kidaraja cha mwisho, mguu mmoja hewani, kisu mkononi. Niliogopa nikikushtua utaanguka. Nikasimama pale natetemeka mpaka uliposhuka. Nimekaa siku mbili nikijiambia nimeota."

"Mimi sijui kufunga lile fundo," Shizue alisema. "Sijawahi."

"Nyayo kwenye sakitu ulizitazama?"

"Nilizitazama. Ni buti zake."

"Buti ni zake. Lakini Kiyoharu alikuwa akivuka dimbwi la maji kwa hatua moja. Hizo hatua fupi fupi kama za bata ni za nani?"

Shizue alikumbuka sufuria. Kiyoharu hakuwahi kubandika sufuria jikoni katika maisha yake. Kazi ya maji ilikuwa ya Shizue.

"Basi nimechizika," alisema kwa sauti ndogo. "Nahoko atanihamisha."

"Kuchizika umechizika tangu ujana, hilo halina mjadala," Masuyo alisema, na kidogo uso wake wa kawaida ulirudi. "Lakini hili ni jingine. Dada yangu alipewa kidonge cha usingizi, akaamka na kukuta amepika supu ya watu sita. Vaa koti. Twende kwa Bi Orihara."

Bi Orihara alikuwa mfamasia wa duka la dawa lililo karibu na zahanati ya Daktari Makabe. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, asiyeharakisha watu. Aliwaingiza chumba cha nyuma, akafunga pazia. Alisikiliza hadithi yote bila kukatiza, hata ilipofika kwenye buti.

"Bibi Shizue, naomba daftari lako la dawa," alisema.

Shizue alimpa daftari la kijani. Ndani, duka lilikuwa limeandika dawa alizopewa: kidonge cha usingizi, na dawa ya shinikizo la damu.

"Ni hizi tu?"

"Kwa daktari huyu, ndiyo."

Bi Orihara aliinua macho. "Kuna daktari mwingine?"

Shizue aliona haya. Alifungua mkoba, akatoa daftari la pili, la waridi. "Hili ni la daktari wa mifupa, mjini. Mabega yangu yalikakamaa. Dawa zake nachukua kwenye duka la hukohuko."

"Kwa nini madaftari mawili?"

"Jamani, binti, ni adabu. Nimwoneshe Daktari Makabe kwamba nimekwenda kwa mwenzake? Ataona nimemdharau. Kila daktari na daftari lake, hakuna anayeudhika."

"Mimi ninayo manne," Masuyo alisema kwa fahari, kisha akaona uso wa mfamasia akanyamaza.

Bi Orihara aliyaweka madaftari mawili ubavu kwa ubavu mezani. Alipitisha kidole kwenye mistari. "Kidonge hiki cha mabega ni cha kulegeza misuli, lakini pia kinatuliza ubongo na kuleta usingizi. Umeanza kukimeza tarehe saba. Kaki za kwanza uliziona lini?"

"Tarehe nane," Shizue alisema.

Nje, mtu alikohoa akingoja dawa zake.

"Pombe unatumia?"

"Hata tone. Sijawahi."

"Kweli kabisa," Masuyo alimshuhudia. "Hata kwenye arusi anakunywa maji."

Bi Orihara aliandika, kisha akasimamisha kalamu. "Bibi yangu mzaa baba naye alikuwa hanywi. Lakini kila jioni alikuwa akiteremsha kikombe cha babu kutoka madhabahuni."

Shizue alimtazama kwa mshangao. "Hiyo si pombe yangu. Ni ya Kiyoharu."

"Najua ni yake. Inapita koo la nani?"

Shizue alitazama mikono yake. Daktari alimwuliza swali lilelile mwezi wa tatu, naye alijibu kwa moyo mweupe kwamba hanywi. Hakudanganya. Kikombe kile hakuwahi hata siku moja kukihesabu kuwa chake.

"Sikiliza, Bibi," Bi Orihara alisema. "Huna wazimu. Wala sioni hapa dalili za akili kupotea. Kidonge cha usingizi hakizimi ubongo wote kwa pamoja. Kwa watu wachache, sehemu inayokumbuka na kuamua inalala fofofo, lakini ile inayoendesha mikono na miguu inaamka. Watafiti wameandika habari za watu waliopika, waliotoka nje, hata walioendesha gari, na asubuhi hawakumbuki chochote. Wengine waliumia. Wengine walikufa. Hatari inazidi ukichanganya kidonge hicho na dawa nyingine ya kutuliza, au na pombe. Wewe ulikuwa navyo vyote vitatu, kila usiku."

"Kikombe kidogo namna ile?"

"Kidogo namna ile. Na ngazi yako ina vidaraja vingapi?"

"Tisa," Masuyo alijibu. "Na chini yake kuna kisima."

Shizue alipozungumza tena, hakumtazama mtu.

"Nikiacha, hatakuja tena?"

"Bibi, aliyekuwa juu ya ngazi ni wewe."

"Nimesikia. Mimi nimeuliza jingine."

Bi Orihara aliweka kalamu chini. Wengine wangejibu upesi ili mambo yaishe. "Kwa njia hii, hatakuja tena," alisema.

Alimpigia simu Daktari Makabe palepale, na mchana huohuo Shizue alikuwa mbele yake. Daktari hakuudhika kuyaona madaftari mawili. Alijilaumu mwenyewe kwa kutouliza zaidi. Kidonge cha usingizi alikisimamisha siku ileile, maana mtu aliyetembea usingizini kwa kidonge kile hafai kukimeza tena. Kuhusu cha mabega alizungumza na daktari wa mifupa kwa simu, wakakubaliana wakipunguze kidogo kidogo.

"Hicho usikiache ghafla kwa uamuzi wako," alimwonya. "Mwili uliozoea dawa ukinyimwa kwa mkupuo, unaweza kugoma vibaya. Utakuja kwangu kila wiki."

Halafu alimpa mazoezi ya usingizi. Aamke saa ileile kila siku, hata kama hakulala. Akishaamka atoke nje, apate mwanga wa asubuhi. Chai aiache ikifika mchana. Asiingie kitandani mpaka asikie usingizi wenyewe. Akikaa macho muda mrefu, atoke kitandani, akae mahali penye mwanga hafifu, arudi usingizi ukija. Kitanda kiwe cha kulala, kisiwe cha kupigana.

"Wiki za kwanza zitakuwa ngumu," daktari alisema. "Lakini kwa usingizi uliopotea muda mrefu, njia hii ndiyo tunayoanza nayo siku hizi, kabla ya vidonge. Na kila wiki ukija, nusu saa tutamzungumzia Kiyoharu. Miezi tisa nakuona, hujaniambia hata siku moja alikuwa mtu wa namna gani."

Jioni ile Shizue alimmiminia mumewe kikombe kama kawaida. Alipokiteremsha, alitoka nacho nje akakimwaga kwenye shina la mti wa kaki. Alimwomba mama mkwe wake msamaha, naye hakusikia pingamizi.

Lakini alikuwa hajasema yote. Chini ya madhabahu kulikuwa na droo ya mishumaa, na ndani yake vidonge vitatu vya usingizi vilivyobaki. Alifungua droo, akavimimina kiganjani. Vilikuwa vidogo na vyeupe. Alijua kabisa vingeleta nini. Asubuhi kungekuwa na kaki mpya, na buti zingekuwa na joto. Angeweza kujifanya hajui. Kwa siku tatu zaidi angekuwa na mume.

Alisimama pale mpaka udi ukaisha. Alifikiria kisima. Alimfikiria Nahoko akipigiwa simu, kama yeye alivyopigiwa mwezi wa pili. Kisha alivaa ndara, akavuka shamba la figili, akagonga mlango wa Masuyo.

"Nishikie," alisema, akamwekea vidonge mkononi. "Kesho virudishe kwa Bi Orihara."

"Ni nini?" Masuyo aliuliza gizani.

"Kiyoharu."

Masuyo alifumba kiganja. Hakutania. Alimvuta ndani, akampa maji ya moto, wakakaa.

Asubuhi Shizue alifungua mbao za dirisha. Kaki zilikuwa thelathini na moja. Alihesabu mara tatu. Bustani ilikuwa nyeupe, na haikuwa na nyayo hata moja. Aliingiza mkono ndani ya buti, akakuta ni baridi mpaka ncha. Siku hiyo alilia kilio ambacho hakukilia kwenye mazishi, na kipaza sauti cha kijiji kilipiga wimbo wake bila yeye kusikia.

Wiki mbili zilikuwa ngumu kweli. Alinung'unika, alisinzia juu ya sahani, alimtukana daktari mbele ya picha. Lakini alitoka nje kila asubuhi, na kila Jumatano alimzungumzia Kiyoharu kwa daktari. Alimsema vizuri, kisha akamsema vibaya, maana mtu yule alikuwa mkaidi. Wiki ya tatu alilala saa nne mfululizo. Ya tano, karibu sita. Kichwa kilikuwa chepesi.

Siku moja mchana, Masuyo alileta fimbo ndefu ya kuchumia, akaangusha kaki za mwisho zilizobaki kileleni. Walikaa mlangoni juani. Shizue alichukua kisu. Ganda la kwanza lilikatika mara tatu.

"Lo, kumbe fundi ni wa usiku tu," Masuyo alisema.

"Nyamaza, wewe mwenye madaftari manne."

"Ninalo moja siku hizi. Niliyaunganisha. Bi Orihara alikuta vidonge viwili vya tumbo, kitu kilekile, majina tofauti. Mwaka mzima nakula mara mbili. Nilipomweleza mume wangu, yule mzembe akasema ndiyo maana…"

Masuyo aliacha sentensi hewani. Alikuwa akitazama mapaja ya Shizue.

Shizue naye alitazama chini. Alikuwa amejisahau akisikiliza umbea, na mikono iliendelea peke yake. Ganda lilikuwa limelala sakafuni, refu, zima. Kamba ilikuwa imesokotwa, tundu limefunguka, kikonyo kimepita. Mikono ilikuwa imeikaza kamba, tayari kuzungusha.

Ilizungusha mara moja kwenda kushoto, mbele ya macho yake, mchana kweupe.

"Miaka arobaini na minane," Shizue alisema polepole. "Nilidhani natazama sufuria."

Mwisho wa mwaka Nahoko alikuja kutoka Nagoya. Mama yake alimweleza kila kitu, hata ngazi, hata zile siku alizomficha. Alimwonesha daftari lake la dawa, moja tu, lenye dawa zote za madaktari wote. Nahoko hakutaja nyumba ya wazee. Aliomba ngazi ihamie kwa Masuyo, na Shizue akakubali.

Asubuhi ya mwaka mpya, Shizue aliweka wali madhabahuni, na kando yake kaki kavu mbili, zimenyauka, zimetoa unga mweupe wa sukari. Moja ilifungwa usiku, nyingine mchana. Yeye mwenyewe hakuweza tena kuzitofautisha.

Aligonga kengele mara moja.

"Onja hizo, Kiyoharu," alisema. "Halafu uniambie mikono yangu ni ya nini."